SEMEI KAKUNGULU: JEMADARI ALIYETAFUTA AGANO LISILOVUNJWA

Katika Gurei, mtaa ulio kandokando ya mji wa Juba, kama ilivyo katika mitaa mingi ya nchi zetu, wako Wakristo wanaoitunza siku ya Jumamosi na wako wanaoitunza siku ya Jumapili. Wote hufungua Biblia moja, wote huitaja Israeli katika nyimbo na sala zao, na wote hujihesabu kuwa wamo katika ahadi alizopewa Ibrahimu. Katika Sudani Kusini wasomaji wengi wa Biblia huenda mbali zaidi. Huisoma sura ya 18 ya kitabu cha Isaya, inayotaja nchi iliyo ng'ambo ya mito ya Kushi na watu wake warefu wenye ngozi laini, nao husema kwamba nabii aliwanena wao, na kwamba uhuru wao wa mwaka 2011 ulikuwa umeandikwa tangu zamani.

Hapo ndipo swali huzuka. Ahadi za Mungu kwa Israeli ni za nani? Ni za taifa la Wayahudi peke yake? Au zimehamia kwa Kanisa? Au mtu yeyote, wa kabila lolote, aweza kuziingia akizishika amri? Swali hili laweza kuonekana kuwa la wachungaji na walimu wa dini tu. Lakini sisi tumeona vema kuwaletea ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwa sababu mtu aliyelibeba swali hilo kwa uzito kuliko wengi katika Afrika ya Mashariki hakuwa mchungaji. Alikuwa askari, tena jemadari, mtu wa bunduki na ngome. Jina lake ni Semei Kakungulu.

Katika maisha yake mna mambo matatu ambayo kila mvaa gwanda huyajua: amri, kiapo, na ahadi itolewayo na mkubwa. Na baada ya kifo chake mna jambo la nne, nalo lawahusu polisi na wanajeshi moja kwa moja. Tutalifikia mwishoni.

MZALIWA WA KOKI

Kakungulu alizaliwa yapata mwaka 1868 au 1869. Asili yake ni Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi mwa Buganda. Alikuja Buganda akiwa kijana, akaingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga, ambaye alitawazwa mwaka 1884. Kazi iliyompa jina ilikuwa kuwinda tembo. Siku hizo mwindaji wa tembo alikuwa nusu ya askari: alijua shabaha, alijua kuwaongoza watu porini, na pembe alizoleta ndizo zilizonunua bunduki za mfalme.

Katika miaka hiyo ya 1880 wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa wakifundisha kusoma, na wanafunzi wao waliitwa wasomaji. Yafaa wasomaji wetu wajue kwamba Kakungulu alijifunza kuisoma Biblia kwa Kiswahili. Biblia nzima ya Luganda haikukamilika hadi mwaka 1896, kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa Buganda walianza na vitabu vilivyofasiriwa kwa lugha hii hii tunayoiandika, lugha ya pwani. Jemadari huyu, basi, alikutana kwanza na Ibrahimu, Musa na Daudi kwa maneno ya Kiswahili.

Mwaka 1888 Buganda ilipinduka. Wasomaji wa dini zote, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, waliungana wakamwondoa Mwanga, na Kiwewa akawekwa mahali pake. Muungano huo haukudumu. Waislamu waliwafukuza Wakristo katika mji mkuu, wakamtaka Kiwewa atahiriwe. Kwa mila za Buganda, mwili wa Kabaka haukupasa kutiwa kisu. Kiwewa alikataa, akawaua baadhi ya wakuu wa Waislamu, naye akaangushwa kwa sababu hiyo. Kalema alikubali kutahiriwa, akakalia kiti. Tunaomba msomaji alishike jambo hili la tohara, kwa maana litarudi miaka thelathini baadaye kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia.

Wakristo waliofukuzwa walikimbilia upande wa Ankole, wakajipanga upya, na mwaka 1889 wakarudi kupigana wakiwa upande wa Mwanga. Katika vita hivyo Kakungulu alijulikana kuwa miongoni mwa viongozi hodari wa majeshi ya Wakristo. Mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipogeukiana wenyewe kwa wenyewe pale Mengo, alikuwa tena mstari wa mbele upande wa Waprotestanti, ambao walisaidiwa na Kapteni Lugard na bunduki yake ya mzinga wa Maxim.

MASHINDANO NA APOLO KAGWA

Mtu mwingine aliyeinuka kutokana na vita hivyo alikuwa Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 1926. Wote wawili walikuwa Waprotestanti, wote wawili walikuwa wapiganaji, na wote wawili walitaka nafasi ya kwanza. Nyumba moja haikuweza kuwa na nguzo mbili za kati. Kagwa alikuwa hodari wa baraza na kalamu, na Waingereza walimtegemea mjini. Kakungulu alikuwa hodari wa uwanjani, na askari walimpenda. Mwishowe Kakungulu aliiacha kambi ya siasa za Mengo, akaelekea kaskazini na mashariki, ng'ambo ya Mto Nile, kujitafutia makao ambayo hayakuwa chini ya mwenzake.

Wakati huo huo bonde la Nile lilikuwa limejaa askari waliotoka upande wa Juba ya leo. Wasomaji wetu walioko Juba watapenda kukumbushwa kwamba makao ya jimbo la Ikweta yalikuwa Lado, kaskazini kidogo ya mji huo, na gavana wake alikuwa Emin Pasha. Mtu huyo alizaliwa mwaka 1840 katika familia ya Kiyahudi huko Silesia, akaitwa Eduard Schnitzer, akabatizwa akiwa mtoto, kisha akachukua jina la Kiislamu alipokuwa katika utumishi wa Waturuki. Mwaka 1889 Stanley alimwondoa Emin, na askari wengi wakabaki nyuma. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua mabaki yao kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, wakawa ndio uti wa mgongo wa jeshi la Waingereza katika Uganda. Mwaka 1897, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mishahara midogo iliyocheleweshwa, sehemu ya askari hao waliasi. Waingereza waliwategemea sana wapiganaji wa Kiganda ili kuuzima uasi huo.

Mwanga naye alikuwa amekimbia mwaka 1897 na kuanza vita dhidi ya Waingereza, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga, alikuwa amewekwa kuwa Kabaka. Mwanga alijiunga na adui wa zamani, Kabalega wa Bunyoro. Mnamo tarehe 9 Aprili 1899 wafalme hao wawili walikamatwa pamoja katika nchi ya Lango, na askari wa Kakungulu walikuwamo katika msafara uliowakamata, pamoja na kikosi cha afisa wa Kiingereza Evatt. Wafalme hao walipelekwa uhamishoni Shelisheli. Tendo hilo lilimpa Kakungulu sifa kubwa kwa Waingereza. Lakini hatuna budi kukumbuka pia kwamba mmoja wa hao waliofungwa kamba alikuwa bwana wake wa kwanza, aliyempa bunduki na kazi.

AHADI YA KITI CHA UFALME

Baada ya hapo Kakungulu alipewa ruhusa ya kuendelea mashariki. Tangu mwaka 1899 hadi 1901 alijenga ngome baada ya ngome, kutoka Bululu kwenye Ziwa Kyoga hadi Budaka, akazitia chini ya mamlaka yake sehemu za nchi za Wateso, Wagwere na jirani zao, hata akafika chini ya Mlima Elgon. Waganda waliiita nchi hiyo yote Bukedi, jina la dharau ambalo wenyeji hawakulipenda. Aligawa nchi kwa wafuasi wake kwa mfano wa masaza na magombolola ya Buganda, akakata barabara, akapanda migomba. Huko Mbale aliweka makao ambayo yalikua yakawa mji.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ilikuwa ya upole. Wenyeji walitozwa chakula na kulazimishwa kazi, na wakuu wa Kiganda waliowekwa juu yao walitawala kama washindi. Mjenzi wa barabara na mtwaa nchi za watu walikuwa mtu mmoja. Historia ya kweli haitenganishi mambo hayo mawili.

Kakungulu aliamini kwamba atafanywa mfalme wa nchi aliyoishinda. Aliamini kuwa Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza katika Uganda tangu mwaka 1899 hadi 1901, alikuwa amemwahidi cheo cha Kabaka wa Bukedi. Waingereza walilielewa neno hilo vingine. Kwao, Kakungulu alikuwa mtumishi aliyesaidia kufungua njia. Johnston alipoondoka, waliobaki hawakuona sababu ya kumweka mfalme mpya juu ya watu ambao hawakumwomba. Mwaka 1902 walimwondoa Budaka, naye akahamia Mbale na wafuasi wake, akaachiwa maili za mraba 20 za ardhi. Mbale nayo ilipostawi, serikali iliichukua. Tangu mwaka 1906 hadi 1913 alipelekwa Jinja kuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga: cheo kikubwa kwa jina, lakini cha mwajiriwa.

Kila askari anaelewa uchungu wa namna hii. Mtu ametumwa vitani, ametii, ameshinda, na aliyemtuma amehamishwa. Anayekuja badala yake husema kwamba hana habari za ahadi hiyo. Wako wanaosema kwamba hasira hiyo ndiyo iliyomtoa Kakungulu katika dini ya Waingereza. Sisi twaona kwamba hasira ilikuwamo, lakini haitoshi kueleza yaliyofuata. Mwenye hasira tupu huasi, au hulewa, au hunung'unika hadi kufa. Kakungulu alirudi katika kitabu alichofundishwa kukisoma ujanani, akatafuta humo ahadi ambayo haikutegemea kuhamishwa kwa afisa.

WAFUASI WA MALAKI

Yapata mwaka 1913, akiwa amerudi Mbale, alivutwa na kundi jipya la Kikristo la Buganda. Waliliongoza watu wawili: Joswa Kate, aliyekuwa na cheo cha kale cha Mugema, na Malaki Musajjakawa, mwalimu aliyenyimwa ubatizo na kanisa. Kundi hilo lilijulikana kwa jina la Malaki. Walibatiza watu kwa urahisi, bila kuwadai miaka ya mafundisho na mitihani, na maelfu wakawafuata. Waliitunza Sabato siku ya Jumamosi. Tena walikataa dawa za kila namna, za waganga wa kienyeji na za hospitali za Wazungu pia, kwa kuwa Maandiko hulaani uganga na hufundisha kumtegemea Mungu peke yake.

Hapo mgogoro na serikali ukawa wa wazi. Serikali ililazimisha chanjo dhidi ya ndui na maradhi mengine, kwa watu na kwa mifugo. Wafuasi wa Malaki walikataa. Kakungulu, chifu wa serikali aliyepaswa kusimamia amri hizo, alikuwa upande wa wanaokataa. Sisi hatuwezi kuisifu imani inayomnyima mtoto chanjo, kwa maana ndui iliua wengi katika nchi hizi kabla ya chanjo kuimaliza. Lakini haifai kumfanya mjinga. Mbele yake walikuwa mabwana wawili, kila mmoja akidai utii, naye akachagua. Mnamo mwaka 1917 alihama mjini, akajenga Gangama, katika vilima vilivyo magharibi ya Mlima Elgon, akaanza kuishi kama mkuu wa waumini.

SIKU YA KISU

Huko Gangama alisoma Torati kwa bidii, na kadiri alivyosoma ndivyo mafundisho aliyopewa ujanani yalivyomsumbua. Wamisionari walifundisha kwamba Kanisa limekuwa Israeli mpya. Tohara ya Ibrahimu, walisema, imetimizwa katika ubatizo, na Sabato katika siku ya Bwana. Ahadi ya nchi na uzao ilikuwa kivuli cha mambo ya rohoni. Waliitegemea mikutano ya mitume iliyosimuliwa katika Matendo, ambapo iliamuliwa watu wa mataifa wasitwikwe mzigo wa tohara. Waliutegemea pia waraka wa Paulo kwa Wagalatia, unaosema kwamba wote walio wa Kristo ni uzao wa Ibrahimu.

Kakungulu aliyasoma hayo, lakini akasimama kwenye sura ya 17 ya Mwanzo. Pale agano lilitajwa kuwa la milele, na tohara ikawekwa kuwa ishara yake kwa vizazi vyote, hata kwa mtumwa aliyenunuliwa kwa fedha na asiye wa uzao wa Ibrahimu. Kama ni la milele, nani amelifuta? Akageuka kwenye Injili ya Luka, akaona kwamba Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane. Kama aliye kichwa cha Kanisa aliishika alama hiyo, mbona wafuasi wake waikatae? Kwa mtu wa vita, hoja hii ilikuwa nyepesi: amri iliyotolewa hudumu hadi aliyeitoa aiondoe, na mjumbe hana ruhusa ya kuipunguza.

Aliwapa wafuasi wa Malaki hoja yake. Inasimuliwa kwamba walimjibu kuwa tohara ni ya Wayahudi, watu wasiomkubali Yesu. Naye akaamua kwamba, ikiwa ni hivyo, tangu siku ile yeye na watu wake ni Wayahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe, naye akiwa na umri wa miaka 50 hivi.

Tukumbuke sasa habari za mwaka 1888. Kwa Mganda wa kizazi chake, tohara lilikuwa jambo lililomwangusha Kabaka. Ilikuwa alama ya Waislamu, ambao Kakungulu alipigana nao ujanani. Jirani zake Wagisu wa Mlima Elgon hutahiri vijana wao kwa ngoma na sherehe za imbalu, lakini Waganda hawakuwa na mila hiyo. Mzee mwenye heshima kukubali kisu, pasipo kulazimishwa na mtu, lilikuwa tendo ambalo hakuna aliyeweza kulidhihaki, hata kama hakukubaliana nalo.

Jumuiya yake ikaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Luganda. Mwanzoni walichanganya mambo. Walishika Sabato na tohara, huku wakiendelea kubatiza na kusoma Agano Jipya. Yapata mwaka 1920 alifika Mbale Myahudi mmoja aliyejulikana kwa jina la Yosef. Alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda ya sikukuu, sheria za vyakula na uchinjaji, na akawaeleza kwamba Myahudi habatizi. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Luganda chenye sala na kanuni za jumuiya, kikiwataka watu wake wazishike amri zote za Torati.

Hapa ndipo uzito wa kisa hiki ulipo. Wakristo wengi husoma habari za Israeli na kujiona wenyewe humo. Kakungulu aliona kwamba anayeziomba baraka za Israeli bila kuibeba nira ya Israeli anachukua mshahara wa kazi ambayo hakuifanya. Jibu la Mkristo lipo, nalo ni la heshima: katika Warumi, sura ya 11, Paulo aliwafananisha watu wa mataifa na matawi ya mzeituni mwitu yaliyopachikwa katika shina la mzeituni mwema, akawaonya wasijivune juu ya matawi ya asili, kwa kuwa shina ndilo linalowabeba. Kwa mafundisho hayo, Mkristo hushiriki ahadi bila kumnyang'anya Myahudi ahadi yake. Onyo hilo limesahauliwa mara nyingi katika historia ya Ulaya, na mamilioni ya Wayahudi waliuawa katika bara lililojiita la Kikristo. Kakungulu, aliyekuwa mbali na Ulaya, hakumchukia Myahudi wala hakumnyang'anya kitu. Aliomba kuingia nyumbani kwake kupitia mlangoni.

BAADA YA KIFO CHAKE

Kakungulu alifariki mnamo Novemba 1928, akazikwa karibu na Mbale. Ufalme hakuupata. Mji alioujenga ulikuwa mikononi mwa wengine, na ardhi yake nyingi ilikuwa imepungua. Jumuiya yake iligawanyika: wengine walirudi ukristoni, wengine wakabaki katika vijiji vichache kuzunguka Mbale, wakishika Sabato bila rabi na bila msaada kutoka nje.

Sasa twalifikia lile jambo la nne. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israeli, lakini mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli, na chini ya utawala wake ibada za Kiyahudi zikapigwa marufuku. Abayudaya walifungiwa nyumba zao za sala. Wengi walijiunga na dini nyingine kwa hofu, na waliobaki, wapatao 300, walisali kwa siri hadi Amin alipoangushwa mwaka 1979. Marufuku hayatekelezwi na karatasi. Hutekelezwa na askari aendaye kijijini, agongaye mlango, achukuaye kitabu cha sala mkononi mwa mzee. Wakulima hao hawakuwa na jeshi wala ubalozi. Kosa lao lilikuwa kwamba babu zao waliisoma Mwanzo, sura ya 17, wakaitii.

Baada ya hapo jumuiya ilifufuka. Mwaka 2002 marabi wa tapo la Kikonsevativu kutoka Marekani na Israeli walifika Uganda na kuwapokea rasmi katika dini ya Kiyahudi watu wapatao 400. Gershom Sizomu, mmoja wa vijana waliokulia katika jumuiya hiyo, alisomea urabi Marekani, akawekwa wakfu mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Leo Abayudaya hukadiriwa kuwa watu 2,000 hivi. Hata hivyo swali la jemadari halijafungwa: katika miaka ya karibuni serikali ya Israeli imekuwa nzito kuwatambua baadhi yao wanapoomba kuhamia huko.

MAFUNZO KWETU

Tumesema kwamba maisha haya yana mambo yanayomhusu mvaa gwanda. La kwanza ni kwamba ushindi wa silaha haumpi mtu haki ya kutawala wale aliowashinda. Kakungulu alilalamika kwamba alinyimwa kiti, lakini wenyeji wa Bukedi hawakuwahi kuulizwa kama wanamtaka. La pili ni kwamba mkubwa hapaswi kumwahidi askari asichoweza kumpa, kwa maana ahadi iliyovunjwa hudumu moyoni kuliko jeraha la risasi. Uasi wa mwaka 1897 ulitokana na mambo ya namna hiyo hiyo.

La tatu lawahusu wale wanaolinda amani katika mitaa kama Gurei, ambako watu wa makabila na madhehebu mengi wamerudi kutoka ukimbizini na kujenga nyumba jirani. Huko Jumamosi jirani mmoja husali na mwingine hupika. Kesho yake hubadilishana. Mmoja husema yeye ndiye Israeli, mwingine husema Isaya alimtaja yeye, mwingine husema ahadi zote zimetimia katika Kristo. Polisi hakupewa rungu ili aamue nani amesoma vizuri. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wote watatu wanafika nyumbani salama baada ya ibada.

Kaburi la Kakungulu lingali karibu na Mbale. Wanaolitunza husali siku ya Sabato, na mji unaozunguka vilima hivyo umejaa makanisa na misikiti. Mzee huyo alitafuta ufalme akakosa. Alitafuta agano, na watu wake bado wanalishika.